Mzee Masafa na Kituo cha Juu ya Paa

Ndugu waombolezaji, mzee wetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Masafa, alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa tatu wa fundi seremala, na mama yake alisema mpaka uzeeni kwamba huyu hakutambaa, alisimama akaondoka.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1964 hadi 1970, sekondari hadi 1974, kisha chuo cha ufundi, alikosimamishwa wiki mbili kwa kuifungua redio ya mkuu wa chuo bila ruhusa, akarudishwa kwa kuwa hakuna mwingine aliyeweza kuifunga. Mwaka 1977 aliajiriwa kuwa fundi wa laini za simu, kazi aliyoifanya miaka thelathini na mitano, akipanda nguzo hata siku za likizo.

Tarehe 8 Desemba 1984 alifunga ndoa na mshonaji wa mtaa wa pili, wakajaliwa binti mwaka 1986 na wa kiume mwaka 1990. Mama huyu alivumilia mengi, maana kuanzia 2009 marehemu na wenzake wa redio za ridhaa, watu wanaorusha mawimbi kwa mapenzi yao wala si kwa biashara, walikusanya ruta kuukuu, vile visanduku vya kusambaza intaneti, wakazibadilisha, wakazifunga na madishi juu ya vilima, kila kituo kikikabidhi ujumbe kwa kinachofuata, kilomita mia moja na arobaini, na dishi la katikati likawekwa juu ya chumba chao cha kulala. Mafuriko ya Aprili 2016 yalipozima simu zote, njia hiyo ndiyo iliyopeleka maombi ya dawa kwa siku tisa, naye siku zote tisa hakukaa kitako.

Figo zilianza kumsumbua Januari 2023. Daktari alimwambia atulie, akaitikia vizuri, kesho yake akakutwa juu ya paa, plasta ya sindano bado mkononi. Kilichomkosesha raha si figo, bali sheria, kwamba kituo kisicho na mwenye leseni hufungwa, na chake cha katikati kikifungwa mtandao wote unakatika vipande viwili. Aliwabembeleza watoto, binti akasema kazi za zamu zimemzidi, wa kiume akasema baba, mimi na hesabu tuliachana tangu shuleni, basi akawa anageukageuka kitandani, akimuuliza kila aliyeingia, hata mfagizi wa wodi, kama hajafikiria kufanya mtihani wa leseni ya redio.

Mkewe aliufanya mtihani huo kimyakimya, akaanguka Juni, akarudia Septemba. Alhamisi, tarehe 17 Oktoba 2024, alimsomea matokeo kitandani kwamba amefaulu, naye mzee badala ya kumpongeza akauliza kwenye maswali ya antena amepata ngapi, na aliposikia nne kwa kumi akaomba kalamu, akamfundisha mpaka sauti ikamkauka. Hatujawahi kumwona na furaha kama ile. Alifariki kesho yake, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba sita, majirani waliotuletea maji na viti, na wenzake wa redio, ambao wamekuja leo na ngazi ili washushe dishi kama sheria inavyotaka. Ndugu zetu, ngazi irudisheni garini. Kituo kina mwenyewe, amekaa hapa mstari wa mbele.

Mzee wetu, sasa tulia. Pumzika kwa amani.