Shangazi Aliyekalia Boneti

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuinamia injini za magari ya zamani, Shangazi wetu sote, fundi mkuu wa injini, anastaafu leo Ijumaa, siku ya mwisho ya mwezi. Hata mkurugenzi humwita Shangazi, na wateja waliomzidi umri nao humwita hivyohivyo. Mimi, fundi wa viti, nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu hakuna aliyegombana naye kunishinda.

Alianza kwa kuosha vipuri kwenye beseni la mafuta ya taa. Akapanda hadi kurekebisha kabureta kwa kuisikiliza tu, na kwa miaka mingi sasa ndiye anayeongoza upande wote wa injini. Tafadhali wasemaji wa leo msimwite mnyenyekevu, atachukia. Injini ikimtoka vizuri huita watu waje kuisikia, na usipokwenda hukufuata uliko.

Sheria yake kila mtu hapa anaijua: pua kwanza, ufunguo baadaye. Gari haliwashwi kabla boneti haijafunguliwa na injini kunuswa. Gari la zamani lina mipira ya kupitishia petroli iliyokula chumvi nyingi. Ikichoka hutoa jasho, jasho likidondokea ekzosi ya moto, kwaheri. Matambara yenye oili aliyafukuza karakanani kama kuku jikoni. Gundi yangu pia haikupona: aliwahi kuninyang'anya mkebe nikiwa bado nimeshika brashi, eti nimeusogeza karibu mno na injini. Aliponiamuru nami ninuse, nilijitetea kwamba gundi imeniua pua siku nyingi. Akasema pua yangu ni nzima, mgonjwa ni mwenye pua.

Sasa tuje kwenye kisa ambacho mtaa mzima unakijua, kila mtu kwa chumvi yake. Mwenye duka la mikate alituletea gari la buluu aliloachiwa na marehemu baba yake. Alitaka viti vipya tu. Shangazi akapitisha pua, akasema mipira ya petroli imechakaa. Yule bwana akagoma katakata: mipira ni ya asili, na baba yake aliifunga kwa mikono yake mwenyewe. Alichokubali ni swichi ya kukata umeme wa betri, tena kwa kubembelezwa, akaiita urembo. Shangazi akamjibu kwamba uasili hauzimi moto, akaenda zake.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila siku ile nusura tuvunjike wote. Viti vilipokwisha, mwenye mikate alikuja na haraka zake, akawasha bila kunusa. Hakufika getini. Moshi ukaanza kufuka pembeni mwa boneti. Akaruka nje akimlilia baba yake, mkono tayari kwenye komeo la boneti. Fundi rangi akaja mbio na ndoo ya maji. Mimi nilianza kung'oa kiti cha mbele, na hadi leo sijui nilitaka kukipeleka wapi. Boneti ikifunguliwa wazi wakati huo, hewa inaingia na moto unapanda, na pale tulizungukwa na magari ya watu na makopo ya rangi. Shangazi hakuwa na nafasi ya kufundisha. Akakaa juu ya boneti.

Alikaa hapohapo, mikono kifuani, akigawa amri: ndoo irudi ilikotoka, swichi izimwe, mtungi wa kuzimia moto uletwe. Ulipofika alishuka, akafyatua komeo, boneti ikaachia upenyo wa kidole, akapulizia humo mpaka moshi ukakoma. Injini ilipona. Ovaroli yake haikupona, nyuma palikuwa na dirisha. Mwenye mikate alilia waziwazi. Shangazi alimwacha alie ashibe, kisha akamuuliza amfungie mipira mipya au bado anaipenda ile ya asili.

Nilimshonea kiraka cha ngozi nyekundu, mabaki ya viti vya gari lilelile. Katika viti vyote nilivyotengeneza maishani, hicho ndicho pekee ambacho hajawahi kukikosoa. Anakivaa hadi leo.

Tatizo ni kwamba sasa anaondoka na pua yake. Wiki zote hizi karakanani tumekuwa na hofu moja, na hatuoni haya kuisema: akishaondoka, nani atanusa? Magari haya wenyewe wanayatunzia wajukuu, na uzembe wa asubuhi moja unatosha kuyageuza majivu. Shangazi naye ameuliza swali hilo kila siku, tena akinitazama mimi.

Mwenye mikate ameomba kumpeleka nyumbani leo kwa gari la buluu. Jana mchana, Shangazi alipokwenda kuaga ofisini, nilifungua boneti ya gari hilo, lililokwisha kuletwa karakanani, nikainama. Ile pua yangu niliyoitangazia msiba miaka yote ikanusa petroli. Karibu na pampu, klipu ilikuwa imelegea na mpira umeanza kutoa jasho. Tumebadilisha vyote viwili, tumefuta, tumeiacha injini ingurume kwa muda mrefu, nikanusa tena. Shangazi hajaambiwa. Anayasoma haya sasa hivi, pamoja nanyi.

Shangazi, asante kwa ukali, asante kwa kelele, na asante kwa karakana ambayo bado ina paa. Tutakukosa, hilo halina mzaha. Mungu akupe uzee mtamu, magoti mazima na majirani wanaosikia wanapoambiwa. Sherehe ikiisha, usiende upande wa boneti. Fungua mlango, ukae kwenye kiti. Tumekwisha kunusa.