Fundi Njoo Kesho

Kaka yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1970, mtoto wa tatu kati ya wanne. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1984, kisha akajifunza ushonaji kwa mjomba, aliyemchapa rula vidoleni kila mshono ulipopinda. Haikuchukua muda mishono yake ikanyooka.

Mwaka 1993 alifungua kibanda chake mkabala na stendi: cherehani moja, pasi ya mkaa na benchi la wateja. Ninyi nyote mlimwita Fundi Njoo Kesho. Nami, mdogo wake, nilimtania hivyo hivyo.

Alifunga ndoa mwaka 1999. Baada ya miaka sita mkewe aliondoka, hawakujaaliwa mtoto. Tangu hapo alijipikia peke yake, akala amesimama. Tulimwambia, "Utapata tu, kaka." Maneno hayo hayakumsaidia kitu, lakini ndiyo tuliyokuwa nayo.

Mwaka 2021 alikuja mwalimu mmoja, mjane, na kitambaa cha kijani. Akaambiwa kesho. Akarudi, akakaa kwenye benchi, wakacheka mpaka jioni. Ikawa hivyo tena na tena. Safari ya tano mwalimu akachoka.

"Fundi, kitambaa nimekusamehe. Baki nacho."

Nilimsihi kaka amfuate. "Atarudi tu," akasema. "Nguo yake si iko hapa?"

Hakurudi.

Presha ilimwanza Januari mwaka huu wa 2023. Asubuhi ya tarehe 9 Juni alianguka kibandani, akafariki kabla hatujamfikisha hospitali. Tulipokwenda kufunga kibanda, nyuma ya pazia tulikuta nguo kumi na saba zimeshonwa na kupigwa pasi, kila moja ina karatasi yenye jina na tarehe ilipokamilika. Gauni la kijani lilikamilika siku mbili tu baada ya mwalimu kupimwa.

Hakuwa mvivu, jamani. Alitaka mrudi. Nami niliyeishi mtaa wa pili nilipita pale kila siku, nikimpungia mkono tu. Sijui sasa nifanye nini na hilo.

Ameacha ndugu watatu na wapwa saba. Nguo zenu ziko mezani, pale mlangoni. Mkitoka, kila mtu achukue yake. Mwalimu, kama umekuja, la kijani liko juu kabisa.

Apumzike kwa amani, na huko aliko asikae peke yake.