Molekuli ya Arobaini na Moja

Wasikilizaji wapendwa, punguzeni kelele za vyombo, vuteni kiti. Leo tunamkumbuka mwanakemia aliyetutoka Jumanne, wiki tatu zilizopita, akiwa na miaka sitini na moja. Wenzake walimwita Dokta Kisia. Nitawaambia kwa nini.

Kazi yake ilikuwa molekuli zinazoitwa antioksidanti. Hizi ndizo zinazozuia mafuta yasiharibike upesi. Zinafanya hivyo kwa kutoa. Molekuli inatoa atomi moja ya hidrojeni, inaituliza chembe yenye fujo, basi, ugomvi umekwisha. Lakini si kila molekuli ni karimu. Inategemea umbo lake: mkono unaotoa uko wapi, na jirani yake ni nani. Dokta Kisia aliyachora maumbo hayo kwenye kompyuta, akaiachia ipige hesabu. Siku tano. Siku kumi.

Niliwahi kuingia chumbani kwake na kinasa sauti changu. Pazia la kijani, feni ya mashine inavuma taratibu, na kwenye skrini molekuli inajizungusha, inajizungusha, mpaka nikasahau maswali yangu yote. Mimi kemia ilinishinda kidato cha pili, sifichi.

"Inaota," akaninong'oneza, mkono juu ya mashine. "Tusiiamshe."

Kisha akanisukumia daftari. "Unadhani hii itatoa au itabana?"

"Sijui, Dokta."

"Sijui si jibu. Andika."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake. Kisia kwanza, kwa wino, kabla mashine haijasema. "Ukishaona jibu," alisema, "utajidanganya kwamba ulilijua tangu zamani." Na akikosea? Hapo mlango unafunguliwa, sauti inajaa ukumbi: "Jamani, nimekosea! Leteni chai!" Akipatia, hakuna chai. Anaguna tu, anaendelea.

Jumatatu ile alianzisha hesabu ya molekuli ya arobaini na moja. Ilikuwa na tawi refu kando ya ule mkono unaotoa. Akaandika: "Itabana. Tawi litaziba njia." Fundi wa maabara, aliyefanya naye kazi miaka ishirini na miwili, akaandika: "Itatoa." Wakataniana, wakaagana. Kesho yake asubuhi moyo wa Dokta ukasimama, nyumbani, akiwa anafunga kamba za viatu.

Hesabu ilihitaji siku kumi na tisa. Nasema tena, siku kumi na tisa. Mkuu wa kitengo alitaka chumba kikabidhiwe baada ya wiki mbili. Binti wa marehemu, mshonaji wa nguo, akaja kukusanya vitu vya mama yake. Alipanga vitabu, akakunja koti jeupe. Alipofika kwenye mashine, mkono ukakataa.

"Nilimwambia mkuu, chukueni meza, chukueni kabati," aliniambia. "Lakini hii bado inaota. Mama hajajibiwa."

Mkuu akakuna kichwa. "Haya, binti yangu. Siku tano tu."

Binti akaleta cherehani, akawa anashona humo humo, ile feni ikivuma pembeni. Anasema kuna wakati alisahau kabisa kwamba mama hayupo. Alimsubiri aingie.

Siku ya kumi na tisa, skrini ikatulia. Fundi akasoma polepole, akavua miwani. Molekuli ilikuwa imejikunja yenyewe. Tawi limegeukia upande wa pili, njia nyeupe, mkono uko huru. Itatoa. Kwa hesabu ile, itatoa kwa urahisi kuliko zote arobaini zilizotangulia.

"Mjomba, maana yake nini?" binti akauliza.

"Maana yake mama yako amekosea, mwanangu."

Binti akaenda mlangoni. Akavuta pumzi. "Jamani!" akaita. "Mama amekosea! Leteni chai!"

Watu wakatoka vyumbani na vikombe vyao, huyu analia, yule anacheka. Mkuu wa kitengo ndiye aliyebeba birika.

Wasikilizaji wapendwa, fundi ameanza kuipima molekuli ile kwenye mafuta halisi, na kisio lake amekwisha kuliandika. Kwako binti, kwako fundi, na kwa wote waliozoea ile sauti ukumbini, tunawapa pole kutoka moyoni. Mungu awape subira. Nasi tuliobaki tujiulize, kila mtu alipokaa: ni lini mara ya mwisho ulikosea, ukafungua mlango, ukaagiza chai?