Abiria wa Mwisho Kushuka

Wachungaji, wazee, majirani wa Ganjoni, na nyote mliokuja kutushika mkono, mimi ni Ngala Kahindi, mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee safari ya maisha yake.

Mirriam Mbodze Kahindi alizaliwa tarehe 4 Machi 1974 huko Kaloleni, kifungua mimba wa marehemu Mzee Kahindi, akapata polio akiwa na miaka mitatu, na tangu hapo miguu ikakataa, ingawa mdomo haukukataa kitu.

Alianza masomo mwaka 1981 katika shule ya bweni ya watoto wenye ulemavu, akamaliza kidato cha nne mwaka 1992, na mnamo Juni 1996 akaajiriwa karani katika kampuni ya uchukuzi pale Shimanzi, kazi aliyoifanya mpaka mwisho. Tarehe 12 Desemba 1998 alifunga ndoa na Dzoro Charo, dereva wa lori, aliyetutoka kwa ajali mwaka 2010, na hawakujaliwa mtoto.

Nyumba ikawa kimya, naye kimya hakukiweza, akaamua kwenda kuziona bandari alizokuwa akiziandika kila siku kwenye makaratasi ya makontena, akaanza na Maskati, Agosti 2014, peke yake na kiti chake cha magurudumu.

Siku ya kurudi tulikodi basi kutoka Kaloleni mpaka uwanja wa ndege, akina mama wakaja na kayamba na shada la maua, tukaimba, abiria wakatoka wakaisha, tukasema ndege imemwacha, tukarudi na shada letu. Hatukujua kwamba mwenye kiti cha magurudumu hushushwa wa mwisho, hungoja ndege nzima imalizike ndipo waje wa kumteremsha. Alipotoka, askari wa mlangoni ndiye aliyemsimulia jinsi tulivyoimba vizuri, naye dada akachukua teksi mpaka nyumbani kwake Ganjoni.

Hakutulaumu, alicheka, lakini hakutuambia tena siku ya kurudi. Alikwenda Durban, Izmir na Jakarta, na kila mara tulijua amefika pale jirani yake, Bi Khairiya, alipoona dirisha limefunguliwa. Juzi Bi Khairiya ametueleza kwamba marehemu, kila alipotoka pale uwanjani, aliwatazama kwanza waliokuja kupokea wageni, uso kwa uso, kisha ndipo akaita teksi. Jambo hilo limetuuma sana.

Januari mwaka huu alisafiri kwenda Kochi, India, akashikwa na nimonia, akalazwa, na Jumapili tarehe 9 Februari 2025 akafariki, mbali na yeyote aliyezoea kumwita Mbodze.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia ugenini, wenzake wa Shimanzi waliohangaika mpaka akarejeshwa, majirani waliolala nasi matangani, na Bi Khairiya, aliyekuwa ndugu kuliko sisi.

Dada, Alhamisi ndege yako ilitua adhuhuri. Abiria walitoka, mizigo ikatoka, tukaambiwa twende tukanywe chai turudi baadaye, na hakuna aliyeondoka, akina mama walisimama na kayamba zao juani. Ulitoka mwisho, kama kawaida yako, na sote tulikuwapo. Pumzika, dada, umepokewa.