Yoga ya Ijumaa

Kwenye treni, fundi viatu alijifanya anasinzia ili awasikie vizuri wanawake wawili waliokaa mbele yake, karani na nesi mstaafu. "Mgongo umepona kabisa, mama," karani alimwambia mwenzake. "Bosi ametuletea mwalimu wa yoga ofisini. Kila Ijumaa tunalala kwenye mikeka, tunafumba macho, tunavuta pumzi, mawazo yote yanaisha."

"Na bosi naye hulala?"

"Yeye hana nafasi, saa hiyo hupitia orodha ya mishahara."

"Bosi anayeingiwa na huruma ghafla mimi namwogopa, mwanangu."

"Wasiwasi wako tu. Siku hizi nalala fofofo." Karani akamsogelea. "Ila juzi tulipoambiwa tufumbue macho, meza mbili hazikuwepo."

Fundi akasahau kusinzia. Treni ikasimama. "Na wenye meza?" nesi akauliza.

"Walikuwa pembeni yangu, bado wanavuta pumzi."