Trifon, Mlinzi wa Dohani za Dealu Nucului

Trifon wangu anastaafu! Ndiyo, yule yule Trifon Buzdugan mnayempigia simu kabla hamjampigia padri. Baada ya miaka thelathini na minane juu ya nguzo za umeme, anavua kofia ya kazi mwisho wa mwezi huu wa Januari. Sasa ndiyo nawasalimu: habari zenu nyote, mlioko hapa kijijini Dealu Nucului na mlioko Italia. Mimi ni Eudochia, mama yake. Mkuu wake wa kazi, bwana Cebotari, ndiye aliyepaswa kuandika ukurasa huu wa kijitabu cha sherehe, lakini akaniambia, "Mama, andika wewe. Mimi nikiandika itakuwa ripoti." Nikamwambia hapo ametumia akili. Nimesoma madarasa saba tu, lakini mstaafu huyu nimemsoma tangu akiwa tumboni.

Trifon alianza kazi akiwa mwembamba hata wenzake wakamshauri atie mawe mfukoni, upepo usije ukamchukua. Haukumchukua. Kila majira ya baridi barafu hukaa juu ya nyaya zetu mpaka zikatike kama uzi wa cherehani, na kila zilipokatika alipanda yeye. Sisemi hivi kwa kuwa ni mwanangu. Nasema kwa kuwa ni kweli, na pia ni mwanangu.

Kisha watoto wa kijiji wakahamia Italia, wakaanza kutuletea hita za kuwashwa kwa simu kutoka huko huko. Aliyezifunga ukutani ni nani? Trifon, tena siku zake za mapumziko. Ya kwanza ilikuwa ya jirani yetu Profira, aliyonunuliwa na mwanawe Ghenadie. Hapo vita vikaanza! Profira anaizima kwa uchungu wa bili ya umeme, Ghenadie akiwa Parma anaiwasha. Anaizima, inawaka. Siku moja tulimsikia mpaka barabarani akiugombeza ukuta: "Ghenadie! Mimi ni mama yako, si bata wa kuoka!"

Ghenadie ana nyumba yake pia hapa, imefungwa mwaka mzima. Krismasi moja alikuja na familia, tukawakaribisha chakula. Akasimama na bilauri ya mvinyo akajisifu: "Nimebonyeza tu nikiwa ndani ya basi mpakani, nimefika nyumba ina joto kama mkate! Hiyo ndiyo hita ya Kijerumani!" Trifon aliendelea kula sarmale zake, zile nyama zilizoviringishwa kwa majani ya kabichi. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, ukarudi muda mfupi tu kabla Ghenadie hajafika, na Trifon ndiye aliyechukua ufunguo wa nyumba hiyo akaenda kuwasha jiko la kuni. Mimi nikashindwa kuvumilia. "Mwanangu Ghenadie," nikamwuliza, "na haya masizi kwenye nyusi za Trifon, nayo ni ya Kijerumani?" Meza nzima ilicheka, Trifon peke yake akainama kwenye sahani.

Mngedhani Ghenadie alijifunza. Wapi! Kiangazi kilichofuata aliliziba kwa udongo jiko la kuni la mama yake, eti masizi ni mambo ya zamani.

Ikaja ile barafu kubwa mnayoikumbuka, iliyoangusha nguzo bondeni. Mafundi walikuwa juu, kijiji kizima kinasubiri, ndipo Trifon akatazama chini akaona dohani zote zinatoa moshi isipokuwa ya Profira, akakumbuka jiko lake limezibwa. Akaanza kushuka. Bwana Cebotari akamfokea, "Unakwenda wapi? Laini haijakamilika!" Trifon akajibu, "Nguzo haisikii baridi, bosi," akakimbia.

Alimkuta Profira kitandani na koti na kofia, midomo ya buluu. Alivunja ule udongo kwa nyundo ya kazini, akawasha moto, akamsugua mikono mpaka akafumbua macho. Neno lake la kwanza? "Trifon! Viatu vyako! Zulia langu!" Ndipo tulipojua atapona.

Trifon akampigia Ghenadie. Na Ghenadie, maskini, akasema, "Lakini kaka, hapa simu inaonyesha digrii ishirini na moja." Trifon akamwambia, "Hiyo ni ya jana, kabla umeme haujakatika. Simu yako imelala, na mama yako nusura alale pia." Ghenadie alilia kama mtoto, na hakuna aliyemcheka.

Tangu hapo Trifon amekuwa na taratibu zake. Vile vifaa vya kuongoza hita amevifungia betri nyumba kwa nyumba, ili umeme ukikatika vimpelekee mtoto aliye mbali ujumbe kwamba joto linashuka. Majiko yaliyozibwa ameyafungua yote. Na kila anayeishi peke yake lazima atoe moshi kabla ya chai ya asubuhi, maana Trifon anapita barabarani akizitazama dohani. Asiyetoa moshi anagongewa mlango. Tangu aanze hivyo, hatujampoteza hata mmoja kwa baridi.

Sasa nisikilizeni vizuri, hapa ndipo ninapowaomba. Binti yake, Lilia, yuko Padova, huko Italia. Mjukuu wake, Matei, anatimiza miaka mitano mwezi wa Machi, na babu yake hajawahi kukaa naye siku ya kuzaliwa. Kila mwaka anasema, "Barafu ikiisha, mama." Barafu ikiisha keki imeshaliwa. Safari hii tiketi ya basi imeshakatwa, lakini juzi nimemwona ameishika anasema, "Na dohani za watu je?"

Kwa hiyo mkija kwenye sherehe msilete zawadi. Kila mtu achague dohani moja ya jirani aishike yeye, aitazame kila asubuhi kama inatoa moshi. Ghenadie ameomba likizo, anakuja kushika ya mama yake na zote za bondeni. Yangu imeshachukuliwa na Profira: "Huyu Eudochia niachieni mimi. Akichelewa kuwasha, namfuata na ufagio."

Asante, Trifon, kwa kila moto uliouwasha ukamwachia mwingine sifa. Muda uliobaki wa maisha yako uwe wa soksi kavu, miguu iliyonyooshwa na mjukuu magotini. Sarmale zipo, mvinyo upo, jiko litakuwa linawaka. Nanyi wageni, Trifon akihesabu mikono mliyoinua kuzichukua dohani, atapanda basi Jumatatu bila kugeuka nyuma. Basi tukutane kwetu Jumamosi tarehe kumi na nne Februari, siku ya Mtakatifu Trifon.