Pumzi ya Kungojea Pasaka

Gethin alikuwa amekaa nyuma ya bibi mmoja na binti mwanafunzi ndani ya basi la Sheffield, kitabu kimefunguliwa mapajani, masikio yote mbele. Binti alitikisa inhela yake ya pumu, akaitia mdomoni akavuta, haikutoa kitu.

"Imeisha?" akauliza bibi aliyekaa kando yake.

"Wiki ya pili sasa, bibi. Nitapata nyingine nikienda nyumbani Wales, Pasaka."

"Pasaka! Utaingojea kwa pumzi ya nani, mwanangu? Huna daktari hapa?"

"Sijajiandikisha. Ukijiandikisha huku, wa nyumbani anakufuta. Daktari Pugh ananitibu tangu nina siku tatu. Mama ataona nimewahama."

Gethin aliduwaa. Siku zote alidhani watu huogopa sindano. Kumbe wapo wanaoogopa fomu.

"Miaka ishirini na sita nimekaa mapokezi ya zahanati," bibi akasema, sauti ikimpanda. "Tulikuwa tunafuta majina ya waliohama, na ya waliokufa. Wewe unataka ufutwe kwa lipi?"

Binti alifungua kinywa ajibu, kifua kikatoa mluzi mahali pa maneno. Bibi akabonyeza kengele.

Basi likasimama mkabala na zahanati. Mlango ukafunguka, baridi ikaingia. Bibi alikuwa amekwisha simama, ameushika mkoba wa binti, akiuvuta kuelekea mlangoni. Na binti, huku akikohoa, ameung'ang'ania mkanda wa mkoba, hauachii.